Kurasa Alizozivuta Masanja

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Nilikuwa mke kijana kwenye kambi ya wachimba dhahabu huko Geita, nimetoka Shinyanga nilikosomea kwa wamisheni. Nilikuja na riwaya moja, nikawa nawasomea majirani mchana wa mapumziko huku tukichagua mchele. Tulikuwa tumefika katikati.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshiba. Mvua ikinyesha humo, ulisikia harufu ya udongo. Mwanzoni kabisa mwanamke mmoja alimtekea mgeni maji, kisha yakamwagika kabla mgeni hajanywa. Tulicheka, tukapita. Sasa mgeni yule amerudi, ni tajiri, anataka kumposa binti wa mwanamke huyo. Mama Kulwa, jirani yangu, akanishika mkono.

"Simama hapo! Yale maji aliyamwaga kusudi? Hebu rudi."

Nikarudi. Kurasa hazipo. Zimechanwa.

Shemeji yangu Masanja alikuwa ameegemea ukuta, anavuta tumbaku. Kambi nzima iliviringisha tumbaku kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Nikaona herufi zinaungua mdomoni mwake.

"Masanja! Umefanya nini?"

"Shemeji, mbona unang'aka? Nimechukua zile mlizokwisha kusoma tu. Za mbele sijazigusa."

"Na nikitaka kurudi?"

"Urudi kufanya nini? Mwisho wako si upo mzima?" Akapuliza moshi, anacheka.

Mama Kulwa alimnyang'anya kile kipande, akakizima kwa vidole vyake. Palisomeka "maji yale", basi.

Tukajaribu kukumbuka. Huyu aliapa kwamba mkono wa mwanamke ulitetemeka, yule akasema hapana, alitabasamu. Tuligombana mpaka mchele ukamwagika.

Mwisho niliusoma, ndiyo. Binti aliolewa. Mama yake akalia, nami sikujua analia nini. Mpaka leo sijui!

Basi, mwanangu, nikikusikia umeshika riwaya nzuri halafu unauliza inaishaje, namwona Masanja. Ukiwa katikati, kaa hapo katikati. Soma polepole, rudi nyuma upendavyo, na ukurasa uliokwisha kuupita usiuhesabu kuwa umekwisha. Anayekuharakisha mfukuze, hata kama ni shemeji.

Mungu akujalie kitabu kinene, mchana mrefu, na jirani kama Mama Kulwa.