Mama Lusungu na Ndege Iliyopotelea Misuku

"Wewe endelea tu kuoga ukijiachia kama bata mtoni," Marta alimwambia Recho huku akipekua kahawa iliyoanikwa juu ya kichanja chake. "Mimi tangu jana naoga na mwavuli."

Recho alidhani hakusikia vizuri. Ilikuwa Agosti, vumbi la Ihanda limepanda hadi kwenye nywele, na mvua ya mwisho watu walikuwa wameshaisahau.

"Mwavuli wa nini, Mama Recho?" aliuliza. Marta alikuwa na binti aliyeitwa Recho kama yeye, na jambo hilo lilikuwa limewafanya jirani hao wawili kuzoeana kama mtu na mwanawe.

"Mama Lusungu anatuona kutoka juu! Binti yake kamletea simu, na ndani ya simu kuna satelaiti. Nimemchungulia mwenyewe jana. Kainamia kile kioo, anakuza, anapunguza, anakuza, anapunguza. Nimeona mapaa ya watu, Mama Angel. Nimeona migomba. Sasa niambie, bafu zetu hizi za nyasi zina paa?"

"Hazina."

"Haya. Jibu umelipata."

"Lakini akituona tunaoga, atafaidi nini?"

Marta alinyanyua kichwa, akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini moto unaunguza. "Atajua mwenyewe. Wengine wanasema anawapimia watu mashamba yetu. Mimi yangu ni macho."

Recho hakubisha. Hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, elimu yake darasa la saba, na mtoto wa miezi minane, Angel, aliyependa kuvuta hereni za watu kanisani. Alichojaliwa ni kuangalia. Akifika nyumba ya mtu, kabla hajaambiwa karibu, ameshajua maziwa yamemwagika wapi na nani amegombana na nani. Kwa hiyo alimfunga Angel mgongoni, akachukua chekecheke aliloazima wiki mbili zilizopita, akaenda kulirudisha. Chekecheke halikuwa na haraka ya kurudi, ila yeye alikuwa na haraka ya kuona.

Mama Lusungu, jina lake la ubatizo Dina, alizaliwa Ibaba, kwenye milima ya Ileje, akaolewa huku Mbozi angali binti mbichi. Misimu kumi na tisa alifanya kazi ya kuchambua kahawa kiwandani. Walikaa akina mama kwenye meza ndefu, kahawa inamwagwa mbele yao, na kazi yao ni kutoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Waliofanya naye kazi husema Dina aliiona punje yenye tundu kabla mdudu mwenyewe hajamaliza kutoboa. Sasa kiwandani alikuwa ameacha, mgongo ulikataa. Macho yalibaki palepale.

Siku hiyo ya Ijumaa Recho alimkuta amekaa kwenye mkeka, simu ameiegemeza kwenye kopo la unga, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Karibu, mwanangu. Mlete huyo mgeni wangu nimpakate. Umekuja kuchunguza kama nawaona bafuni?"

Recho alishikwa na haya hadi masikio. "Nimeleta chekecheke, mama."

"Chekecheke limekuja na miguu yake. Kaa hapa uone mwenyewe hao waogaji."

Recho akakaa. Kwenye kioo aliona kijani, kahawia, na uzi wa njia. Mama Lusungu aliweka kidole kwenye doa moja dogo kuliko chembe ya ulezi. "Huyo ni ng'ombe. Ng'ombe mzima na pembe zake. Sasa Marta ataonekana vipi?"

"Anaoga na mwavuli."

Mama Lusungu alimtazama. Kisha alicheka mpaka akavua miwani, na Angel naye akacheka kwa kuambukizwa, mpaka mama huyo akalazimika kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Basi huo mwavuli ndio ningeuona! Yeye nisingemwona."

Alipotulia, alieleza. Jumanne ndege ndogo ilitoka Zambia, ndani yake rubani na daktari wa mifugo, ikapotelea kwenye ukungu katika milima ya Misuku, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikatwa vipande vya mraba, zikawekwa mtandaoni, na yeyote mwenye simu na moyo aliombwa asaidie kuangalia. Lusungu, binti yake anayeuza vitenge Tunduma, aliletewa habari hizo na wateja wake wa Kizambia. Akamwambia mama yake: mama, hii ni kazi yako kabisa.

"Unaangalia mraba," Mama Lusungu alisema. "Ukiona kitu unagusa hapa. Usipoona unagusa pale, maana yake hakuna. Unaletewa mwingine."

"Na umeona?"

"Jana nimesema hakuna mara mia nne na kumi."

Recho alishangaa. "Siku nzima ya kusema hakuna?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Ni sehemu mia nne na kumi ambazo hakuna mtu atahangaika kupanda mlima kuzitafuta." Akampangusa Angel udenda. "Kaka yangu alipotea kwenye ukungu kule Ibaba tukiwa wadogo. Siku ya pili wanaume wakarudi, wakasema tumlilie. Siku ya nne mama mmoja anayechuma uyoga akamkuta amekaa chini ya jiwe, mzima, njaa tu. Leo ana wajukuu na bado ananisumbua. Kwa hiyo mimi mtu asiniambie habari ya siku ya pili."

Wakati huohuo simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Felix, kijana wa Dodoma aliyekuwa akiwaongoza watafutaji wanaotumia Kiswahili. Alisema mambo yamekaribia. Watu zaidi ya mia tatu wamegusa mahali pamoja, kitu cheupe, kirefu, kilichonyooka, kwenye bega la mlima. Picha ya mwezi wa tano hakipo, picha ya Jumatano kipo. Kesho alfajiri kikosi kitaanza kupanda. Kikosi ni kimoja, na kupanda huko ni siku nzima.

"Na kule bondeni?" Mama Lusungu aliuliza kwa sauti, akiirekodi. "Kule kwenye miti iliyokatika kwa mstari, nilikogusa jana?"

Jibu lilikuja haraka. "Kule mmegusa watu wanne tu, mama. Wewe na wenzako watatu."

Mama Lusungu aliiweka simu chini. Kwa mara ya kwanza Recho aliona uso wake umekunjamana. "Kitu hiki cheupe macho yangu yanakikataa," alisema. "Sijui kwa nini. Na kama si ndege, wale watu watamalizia siku ya kesho peke yao, na nani ajuaye kama wana ya keshokutwa."

Alizifungua picha mbili za pale mlimani, ya Jumatano saa saba mchana na ya Alhamisi saa tatu asubuhi. Ya Jumatano, kitu cheupe kilikuwepo, kimenyooka kama rula. Ya Alhamisi hakikuonekana. Watu kwenye kundi la watafutaji walisema picha ya pili haikutoka vizuri. Wawili hao wakainama, vichwa vikagusana.

"Mama Angeeel!" Sauti ya Marta ilivuka ua wa minyaa. "Jua limekuwa kali! Kahawa yako inapasuka wewe umekaa kwenye sinema!"

Recho aliruka. Kweli, adhuhuri ilikuwa imefika, na kahawa iliyooshwa ukiiacha wazi kwenye jua la saa hizo, ganda linapasuka na ubora unakwisha. Alikimbia hadi kwake, akaivuta nailoni nyeupe kutoka mwanzo wa kichanja hadi mwisho, akaweka mawe kwenye pembe. Kisha akasimama. Akakiangalia kichanja chake: cheupe, kirefu, kimenyooka. Akaangalia cha Marta. Akaangalia cha jirani wa pili. Asubuhi vyote vilikuwa na rangi ya udongo.

Alirudi anahema.

"Mama, ile picha yenye kitu cheupe ni ya saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Na ile isiyo nacho?"

"Saa tatu asu…" Mama Lusungu hakumalizia. Akapiga paja. "Yesu wangu! Na Misuku wanalima kahawa kama sisi! Mwezi wa tano hakipo kwa sababu mwezi wa tano hakuna anayeanika!"

Alimrekodia Felix kwa pumzi moja. Felix alikuwa na adabu, lakini alikuwa mtu wa mjini. "Mama, watu mia tatu wamesema ni ndege."

"Hao mia tatu, kuna hata mmoja aliyewahi kuanika kahawa? Mwanangu, ndege gani inavaa nguo mchana na kuvuliwa asubuhi?"

"Nitawaambiaje wakubwa, mama? Wanataka kuona."

Basi wakaenda kwa Marta, maana kichanja chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote na nailoni yake mpya. Marta aliposikiliza habari yenyewe alisahau kabisa kuwa alikuwa na kinyongo. Alifunua, Recho akapiga picha. Alifunika, Recho akapiga picha.

"Subiri nibadili kilemba," Marta alisema.

"Wanataka kichanja, Mama Recho."

"Na kichanja hakina mwenyewe?"

Kwa hiyo picha zilizokwenda Dodoma, na kutoka Dodoma zikaenda mbali zaidi, zina kichanja kilichofunuliwa, kichanja kilichofunikwa, na Marta pembeni amesimama kama bibi harusi.

Saa mbili zilipita. Kisha Felix akaandika: *Wamekubali. Kikosi kitakwenda bondeni.*

Jumamosi ilikuwa ndefu. Mama Lusungu alisonga ugali ukaungua. Recho aliipekua kahawa ile ile mara tano. Jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, Marta ndiye aliyepiga vigelegele wa kwanza, maana alikuwa ameketi karibu na simu kuliko mwenye simu. Wamepatikana! Wote wawili wazima. Rubani mguu umevunjika, daktari amemfunga kwa matawi, wamekunywa maji ya kijito na kugombea pakiti moja ya karanga siku nne.

"Kichanja changu!" Marta aliwatangazia waliopita njiani. "Kichanja changu mimi kimeokoa watu!"

Jumatatu Recho alipokwenda tena kwa Mama Lusungu, alikuta picha mpya kwenye simu. Ndege nyingine, nchi ya mbali yenye mchanga mtupu, mtu mmoja ndani. Alikaa mahali pake, akainama kuangalia. Mama Lusungu akaigeuza simu upande wa pili.

"Hapana, mwanangu. Ya kwangu usiangalie."

Recho akadhani amekosea. "Nimefanya nini, mama?"

"Umeona ambacho mimi sikuona, na jina likaandikwa la kwangu. Kila mraba wanawaonyesha watu wengi wasioulizana, ili mmoja akipotoka wengine wamrudishe. Mimi na wewe tukikaa simu moja, tunahesabika mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi."

"Lakini mama, mimi darasa la saba. Hata Kiingereza chao sijui."

"Maneno yenyewe mawili tu: ipo, hakuna. Nakuomba kitu kimoja. Chukua simu ya baba Angel, ujiandikishe kwa jina lako, ukae kule kwenye kizingiti chako na mimi hapa kwangu. Halafu mahali ambapo mimi nasema ipo na wewe huoni kitu, usinionee haya kwa sababu nina mvi. Nipinge."