Bakuli la Bi Zuwena

Hapa Mtendeni nauza asali, na kila mteja namwapia kwamba narina mwenyewe porini Goweko. Ukweli, nyuki nawajua kwa picha ya kwenye lebo.

Basi jirani yangu Bi Zuwena akaniita: "Mwanangu, kuna wadudu wamejenga barazani. Wewe fundi, tusaidie."

"Nyuki hao, mama. Lete na bakuli kabisa."

Akanitazama, akaleta.

Nikafukiza moshi, nikakikamua kiota kwa ubingwa wangu wote. Kikavunjika kama karatasi kavu. Asali hata tone, ila nyigu wa kutosha mtaa mzima.

Nilipoibuka kwenye pipa la maji, mdomo umenivimba, Bi Zuwena bado kashika bakuli lake tupu.

"Pole, mwanangu. Sasa ile asali yako, huwa anakurinia nani?"