Kitabu cha Kina Nekesa

Wiki iliyopita niliitwa Mau Narok kumtazama ng'ombe aliyekataa kula. Nilipomaliza, mwenye boma akanikaribisha jikoni ninawe mikono, na pale mlangoni harufu ikanisimamisha. Binti yake alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anakoroga unga wa ngano kwa maji ndani ya kopo, anatengeneza gundi ya kubandika chati ya shule. Unaijua harufu hiyo? Si ya uji na si ya chapati. Ni ya unga uliochemshwa bila chumvi wala sukari, na ukiuacha ushike chini, mapazia yatanuka siku tatu. Yule mama aliona nimeganda na sabuni mikononi, akaniuliza, "Daktari, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nimemwona baba yangu?

Baba alikuwa kibarua wa kupakia magunia katika kiwanda cha unga mjini Nakuru. Jioni alirudi kwetu Kaptembwo akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Watoto wa ploti, zile nyumba za kupanga tulimokaa, walimwita Mzungu, naye akawajibu kwa Kiingereza cha kubuni ambacho kilituvunja mbavu. Kila Ijumaa wafanyakazi waliruhusiwa kubeba unga uliomwagika sakafuni. Haukuwa wa kuliwa, ulikuwa na mchanga. Kwetu ulikuwa wa gundi, na gundi ilikuwa ya kitabu.

Kitabu chenyewe kilianzishwa na kiburi changu. Nilipokuwa darasa la tatu, nilikuwa Nekesa peke yangu katikati ya kina Sharon wanne, kina Brenda watatu, na kina Faith ambao hata mwalimu alikuwa amechoka kuwahesabu. Kabila letu humwita Nekesa msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, na juu ya hilo nilikuwa nimepewa jina la nyanya yangu, mama yake baba, aliyemlea kwa kuvuna mahindi ya wenyewe. Siku moja Brenda mmoja akasema mbele ya darasa kwamba Nekesa ni jina la shosho, bibi kizee wa kuuza mboga. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Nilifika nyumbani nikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mimi ni Sharon.

Mama aliendelea kukata sukuma wiki. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa huyu Nekesa tumpeleke wapi?"

Kesho yake akaniletea kipande cha boksi la majani chai na kalamu. "Niandikie jina lako hapa," akasema. "Si Sharon. Lile unataka kutupa. Andika na herufi kubwa, alafu andika tena na ndogo. Usiharakishe." Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kuonyesha wageni. Akakitazama kile kipande kwa muda mrefu, akakitia kwenye mfuko wa shati. Nilidhani analiaga jina, na roho ikaniuma kidogo, lakini nikajikaza. Sharon hawezi kulia ovyo.

Jumapili hiyo baada ya kanisa akatoa mfukoni kipande cha gazeti, kimekatwa kwa uangalifu. Alikipata kwa kinyozi, kwenye rundo la magazeti ya zamani ambayo wateja walipekua wakisubiri zamu. "Nisomee huyu ni nani." Nikasoma. Alikuwa mrusha mkuki aliyekuwa ameshinda mashindano ya mkoa. Nekesa.

"Na amebadilisha jina?"

"Hapana."

"Basi huyo ni wetu," akasema, akaenda kuchemsha gundi.

Ndivyo tulivyoanza. Katika daftari moja la mistari tuliwakusanya kina Nekesa wote waliowahi kupita kwenye magazeti ya kinyozi na kwenye karatasi zilizofungiwa nyama na mandazi. Kulikuwa na Nekesa jaji, mwenye uso wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Kulikuwa na Nekesa rubani. Kulikuwa na Nekesa mkulima, aliyepigwa picha amekumbatia kabichi la maonyesho kubwa kuliko kichwa chake, na huyo ndiye nilimpenda kuliko wote. Kila Jumapili nilisimama kando ya meza nikasoma, baba akasikiliza amefumba macho, na mwishoni akasema huyo ni wetu. Sikumwona Sharon akiondoka. Siku moja tu nilijikuta nikimwambia yule msichana wa darasani kwamba yeye Brenda hana hata rubani mmoja.

Sasa nikikumbuka, kulikuwa na mambo ya kunishtua. Mara moja alimbandika Nekesa mmoja kichwa chini, miguu juu, nikadhani ni utani wake. Mara nyingine alinileta mbio kutoka nje nimsomee mpya, naye alikuwa marehemu, tangazo la kifo lenye orodha ya watoto na wajukuu. Baba alivua kofia. Na kulikuwa na Nekesa aliyepoteza cheti cha shamba akatoa tangazo la kukitafuta, hana umaarufu wowote mwingine. Naye alibandikwa.

Kisha akaja Nekesa wa kondoo.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameenda ushago, kijijini kwetu, kupanda mahindi, tumebaki wawili. Baba alirudi kutoka buchari na robo ya nyama, na kabla hata ya kuiosha alikuwa amekata ile karatasi na kuibandika. Ilikuwa na picha ya mwanamke amesimama kati ya kondoo wawili, nyuma yake askari polisi. "Huyu ni mtu mkubwa," akasema. "Ona, mpaka amepewa askari. Hebu soma."

Nikapitisha macho kwanza. Nekesa alikuwa mwizi. Kondoo walikuwa ushahidi. Nilimwangalia baba, amekaa kwenye kigoda, unga bado umebaki kwenye nyusi, uso wake unasubiri kufurahi. Niliogopa. Niliogopa kwamba akisikia, ataufunga mchezo wetu, na kwamba jina ambalo nilikuwa ndio nimeanza kulipenda litaoza tena. Nikafungua mdomo nikasoma kwamba Nekesa ni daktari wa mifugo, kwamba amewaponya kondoo waliokuwa wanakufa huko Mau Narok, na serikali imempa askari wa kumlinda asije akaibwa na nchi nyingine.

Nilingoja anikamate. Alikuwa amekata kipande hicho kwa mkono wake mwenyewe, lazima alikuwa amekisoma. Lakini baba alipiga goti lake kofi akasema, "Daktari! Sasa hapo tumefika!"

Kwa wiki nzima nilitembea na uongo ule tumboni. Jumamosi akanipeleka kwa kinyozi ninyolewe, maana shule ilikuwa inafunguliwa, na kwapani alikuwa amebeba daftari.

Mashine ilikuwa imepita upande mmoja tu wa kichwa changu baba alipolifungua. Kwenye benchi walikuwepo wanaume watatu wanne, pamoja na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ofisi za reli, ambaye sote tulimwita Karani.

"Nyinyi mnajua tu kusema mambo ya mpira," baba akawaambia. "Sisi tumepata daktari wa mifugo. Anaitwa Nekesa. Mpaka polisi wanamlinda."

"Wacha!" kinyozi akasema. "Polisi analinda daktari wa kondoo?"

"Ako hapa na picha. Karani, wasomee."

Nilitaka kuruka kutoka kwenye kiti, lakini kinyozi alikuwa amenishika kichwa, na shuka lilikuwa limefungwa shingoni. Kwenye kioo nilimwona Karani akifuta miwani. Alisoma kimya kwanza. Akamtazama baba, akatazama tena karatasi, na kisha, nafikiri kwa mazoea ya kazi tu, akaisoma yote kwa sauti, tangu kondoo walivyotoweka usiku hadi hakimu alivyoamuru mshtakiwa arudishwe rumande.

Kibanda kililipuka.

"Kumbe daktari kweli!" kinyozi alipiga kelele, mashine imesimama hewani. "Aliwapima, akaona afadhali wakalazwe kwake!"

Baba hakucheka. Aliinua macho, tukakutana kwenye kioo, mimi na nusu ya nywele zangu. Sentensi moja tu ingemtosha: ni huyu mtoto alinisomea hivyo. Ingekuwa kweli, na kicheko chote kingehamia kwangu. Nilifumba macho nikiisubiri.

"Mnacheka nini?" nikamsikia akisema. "Huyo pia ni wetu. Ako kwa shida. Sasa nimtoe kwa kitabu juu ako kwa shida?"

"Lakini ulituambia ni daktari!"

"Nilisema. Nilikuwa nawadanganya."

"Basi usitudanganye tena," Karani akasema, akafunua ukurasa mwingine na kumrudishia daftari. "Huyu tusomee wewe mwenyewe."

Baba akalipokea. Akalishika mbele yake kwa mikono miwili, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu. Nilisikia redio ya kibanda cha jirani. Nilisikia boda boda ikipita. "Miwani," akasema mwishowe. "Miwani nimeacha nyumbani."

Nyumbani kwetu hakukuwa na miwani. Nilijua kila kitu kilichokuwa ndani ya chumba kile, hata idadi ya vijiko. Nikajua, nikiwa nimekaa pale na nywele zinaniwasha shingoni, kwa nini nilisomeshwa kila Jumapili, na kwa nini nilisoma uongo nisikamatwe. Karani naye nadhani alijua, kwa sababu alikohoa, akavua miwani yake haraka na kuanza kuzungumzia mvua.

Tulirudi kwa miguu. Njiani akanunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa. Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha tukifika pale kwenye mtaro, tukaupita, nikapanga pale kwenye kioski cha mafuta taa, tukakipita.

"Kesho utanisomea?" akauliza.

"Nitasoma, Baba."

"Usome yote. Hata ile mbaya. Mimi nitavumilia."

Basi. Lile la kwa kinyozi hatukulizungumzia tena mpaka alipokufa. Kuanzia kesho yake nilisoma kila neno, na Nekesa wa kondoo alibaki mahali pake, kati ya rubani na yule aliyepoteza cheti. Nilipofika darasa la saba nikajipa moyo, nikamwambia naweza kumfundisha herufi zote, si ngumu. Alitabasamu. "Mimi hizo za jina lako zinanitosha," akasema. "Hizo zingine utasoma wewe."

Watu huniuliza kwa nini nilisomea udaktari wa mifugo, kazi ya kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ya Mau Narok. Huwajibu kwamba napenda wanyama, na ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba yuko Nekesa daktari wa mifugo, na haikufaa abaki kuwa uongo.

Kwa miaka mingi nilifikiri kwamba siku ile kwa kinyozi baba alikuwa anaficha aibu yake. Nililazimika kuwa na mtoto wangu mwenyewe, anidanganye kwa uso mkavu mbele ya wageni, nipandwe na hamu ya kumwumbua papo hapo, ndipo nikaelewa. Baba hakuficha aibu yake. Alichukua yangu akaivaa, mbele ya watu pekee waliomheshimu mjini, na akaenda nayo nyumbani akila hindi.

Siku ya mahafali yangu alikuja na koti la kuazima. Walimpa kile kijitabu cha orodha ya wahitimu, kurasa na kurasa za majina madogo. Akanishika mkono. "Uko hapa ndani?" akauliza.

"Niko, Baba. Ndani kabisa," nikasema, nikakimbilia marafiki waliokuwa wananiita kupiga picha.

Sikukifungua. Sikukishika kidole chake nikakiweka juu ya jina langu, jambo ambalo lingechukua nusu dakika. Hilo linaniuma kuliko lile la kondoo, maana safari hii sikuwa na miaka kumi.

Alipokufa, mama alinipa daftari kutoka kwenye sanduku la bati. Nililifungua nikiwa peke yangu, na harufu ya unga ilikuwa bado imo. Katikati kulikuwa na kile kipande cha boksi la majani chai, pembe zimelainika, jina langu kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo, wino umefifia pale kidole kilipopita kila mara.

Kwenye kurasa za mwisho alikuwa amebandika karatasi tatu kutoka kwenye kijitabu cha mahafali. Majina yalikuwa mamia, yamebanana. Alikuwa ameyapitia yote, mstari kwa mstari, na kile kipande mkononi. Kina Nekesa walikuwa watatu mwaka ule: mmoja wa ualimu, mmoja wa biashara, na mimi. Hakuwa na njia ya kujua yupi ni wake, basi akatuzungushia kalamu sote.