Fundi wa Gauni la Shangazi

Juzi nilipita Biharamulo nikakuta harusi kwenye bustani ya boma la Wajerumani. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, zinanukia, na hasira ya zamani ikanipanda.

Shangazi yangu aliolewa hapohapo. Gauni lake alilishona Mama Estera, mkimbizi wa kambi ya Benaco, kwa mkono tu. Alasiri ile ya harusi alifika na kitenge kilichonukia pasi ya mkaa, uso umejaa furaha. Baba mkubwa akamzuia getini.

"Wakimbizi hawaingii humu."

Mimi, bado mtoto mdogo, nilidhani mkimbizi ni mtu wa kukimbiakimbia, na kwamba wanahofia atakanyaga maua. Nikamvuta baba mkubwa koti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Huyu hakimbii. Anatembea polepole."

Wageni wakaangua kicheko. Mama Estera aliniangalia, akanishika shavu, akageuka kurudi barabarani. Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka pale, ndani ya gauni lile, akitazama pembeni.

Hadi leo shangazi huyasimulia maneno yangu hayo kama kichekesho. Juzi hiyohiyo nilimuuliza fundi wa gauni lake aliitwa nani. Alifikiri kidogo, akasema hakumbuki.