Nadine wangu na mashine ya kurudi zamani

Nadine wangu ameshinda! Binti yangu mimi!

Leo huku Mbarara shule zilishindana kutunga hadithi za televisheni. Katika hadithi ya Nadine, msichana anapanda mashine ya kurudi zamani azuie vita, ili mama yake asikimbie Burundi.

Mwalimu akamkatiza: "Lakini umesema wazazi wake walikutana kwenye foleni ya maji kambini Nakivale. Bila vita, yeye hazaliwi. Nani basi atazuia vita?"

Rozari yangu mkononi.

Nadine akajibu: "Ndiyo maana anashindwa, mwalimu. Anamsaidia mama kubeba jerikani la maji pale foleni, halafu anarudi nyumbani."

Nililia, jamani!

Mume wangu, Papa Nadine, akaninong'oneza: "Basi mimi siku ile ya foleni nilibeba nini?"

"Wewe ulibeba macho tu."

Maharage yapo mengi. Mje wote kwetu Jumapili, baada ya misa.