Pampu ya Mazutu ya Shituru

Mpaka leo hasira yangu juu ya pampu ile haijapoa. Ilikuwa pampu ya mkono ya kuvuta mazutu, dizeli ya malori, pale Shituru, miaka ile kiwanda cha shaba kilipokuwa kikifa na kila mwenye spana akang'oa kitu akaenda kukiuza. Nilikuwa mpakiaji wa lori lililotoka mto Lufira kwenda Lubumbashi. Juu ya mizigo palikuwa na vikapu sita vya samaki wabichi vya mama mmoja. Alivifunika kwa majani, akayamwagia maji kila tuliposimama. Mtaji wake wote ulikuwa humo.

Tulifika asubuhi, tangi la lori kavu. Mlinzi alizungusha mkono wa pampu mara tano, mazutu yakatoka kidogo, ukakwama.

"Inakwamaka kila siku," alisema, kama anayetusalimia.

"Basi fungula," nikamwambia.

"Bila bon? Fundi anapashwa kusaini karatasi kwanza."

"Fundi eko wapi?"

"Eko ku shamba yake, Buluo. Waliacha kumulipa, akaacha kukuya."

Saini ya mtu asiyekuwepo ilikuwa na nguvu kuliko sisi wote. Dereva alizunguka mji mzima akitafuta mazutu, bidoni mkononi, akarudi nayo tupu. Saa sita mama alinusa kikapu cha kwanza, akakimwagia maji yote yaliyobaki. Hapo nikachukua spana ya lori.

"Papa, weye uliishia darasa gani?" mlinzi akaniuliza.

"Ya tano. Shika hii buloni," nikamwambia, nikimpa bolti ya kwanza niliyofungua.

Ndani, mahali pa kikombe cha ngozi kinachovuta mafuta, palikuwa na kipande cha mpira wa gurudumu. Mazutu yalikuwa yameuvimbisha kama andazi.

"Nani aliweka hii?"

"Ni minye mwenyewe niliweka. Ile ya ngozi waliiba."

"Na bon ya siku ile?"

Akaangalia pembeni. "Siku ile chef, mukubwa wa kiwanda, alikuwa na haraka ya kujaza gari yake."

Nilitamani kumpiga na ile spana. Badala yake nilikata ngozi ya kiatu changu, kwa sababu niliwahi kuchungulia pampu ya kisima ikitengenezwa Mulungwishi, nikailowesha, nikaifunga. Saa tisa mazutu yakatoka.

Samaki walikuwa wamelegea. Lubumbashi wasingefika wabichi. Mama alituambia tushushe vikapu, akawamwaga kwenye saruji ya kituo, akatoa kisu, akaanza kuwapasua.

"Mama, hapa ni pa kuuzisha mazutu," mlinzi akasema.

"Uliuzisha ngapi leo?" Hakuinua kichwa. "Enda, uniletee chumvi."

Mlinzi akaenda.