Siku Niliposhindwa Kutaja Jina la Mtoto Wangu

Kuna watu pale Busia ambao mpaka leo wakiniona wananiita Baba Poti, na mimi huitikia tu, kwa sababu nikianza kukataa itabidi nieleze, na nikieleza nitaaibika mara ya pili. Ila nyinyi ni watu wangu, kwa hivyo nitasema mara moja halafu tusirudie, maana hata sasa nikikumbuka, mwili unaniwasha na siwezi kutulia kitini.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni ajenti wa mizigo kule Malaba, yaani nashika karatasi za malori ya watu na kuhakikisha yamevuka kuingia Uganda bila kukwama, na kwa hiyo kazi nimejisifu sana (mbele ya mke wangu hasa) kwamba hakuna kitu chenye magurudumu au miguu ambacho nitashindwa kukipitisha mpakani. Basi likizo ya Agosti ilipokaribia, mke wangu Mercy akasema mwaka huu na sisi twende mahali kama watu wengine, twende Jinja tukatazame mto Nile, mtoto abadilishe hewa. Nikamwambia hiyo kazi niachie mimi.

Mtoto mwenyewe ni msichana, alikuwa anakaribia miaka miwili, na tulikuwa tunamwita Kadogo. Siku za kazi alikuwa anakaa Bumala kwa mama yake Mercy, kwa hivyo hakuwa analala bila kushika sikio la nyanya yake. Si la mama yake, si langu, sikio la nyanya yake. Tulijaribu kumlaza kwetu Mundika wikendi moja bila huyo mama, akalia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Ikawa wazi kwamba kama ni likizo, lazima mama mkwe aende, la sivyo hakuna mtu atafunga jicho huko Jinja.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunikimbia mimi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hamsalimiani kwa mkono, hamkai sebule moja, hamli meza moja, mkikutana njiani mmoja anaingia kando, na jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako bafuni. Na Mercy, kwa kumshukuru mama yake, alikuwa amempa mtoto jina la huyo mama. (Wazee wa kwetu walinung'unika, yeye akasema cheti kimeshatoka.) Ndiyo sababu mimi nilianzisha hilo la Kadogo. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimewahi kumwita jina lake halisi.

Nikaipanga hiyo safari kama shehena. Nilikodi gari dogo la Mganda mmoja litungoje ng'ambo, mimi nikae mbele na dereva, Mercy na mama yake wakae nyuma kabisa, na mimi nisigeuke mpaka Jinja. Nilifanya hata mazoezi ya kutogeuka. Nikapiga simu gesti nikataka vyumba viwili vilivyo mbalimbali, yule dada wa mapokezi akauliza kama tumekosana. Halafu kulikuwa na mizigo ya mtoto: uji wake, nepi, neti, blanketi lenye picha ya sungura, na poti ya plastiki ya kijani, kwa sababu Kadogo alikuwa ameanza kujifunza kujisaidia bila nepi na Mercy alisema hapana, hatuwezi kumrudisha nyuma kwa sababu ya likizo. Hiyo mifuko niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Mercy akaniambia, "Baba Kadogo, hata malori hayapakiwi hivi." Nikamjibu kwamba lori halilii.

Siku ya safari mama mkwe akatoka Bumala na mtoto mgongoni, sisi tukatoka Mundika, tukakutana Busia karibu na mpaka. Kukutana ni neno tu. Yeye alisimama kwake, mimi kwangu, Mercy akawa anapeleka maneno huku na huku. Halafu dereva akapiga simu kwamba akikaa zaidi atapata abiria wengine. Mimi kwa wasiwasi wangu nikamwambia Mercy atangulie avuke, amshike huyo dereva, sisi tutafuata. Akaenda na mkoba wake, na ndani ya mkoba kulikuwa na cheti cha mtoto, jambo ambalo ajenti mzima wa Malaba hakulifikiria.

Sasa tumebaki sisi, mama mkwe mbele kwenye foleni na mimi nyuma, tumetenganishwa na watu kadhaa. Ningetulia tu, yule mama angevuka na mjukuu wake na leo ningekuwa na picha za Nile. Lakini kutulia sijui. Nikaanza kuwaza kwamba nyanya akipita na mtoto bila mzazi ataulizwa maswali, afadhali mtoto apite na baba yake. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu, wa kichwani. Na kwa sababu siwezi kumkaribia mama mkwe, nikamwita mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la ndizi, nikamwomba, "Mama, nisaidie, mtoe huyo mtoto mgongoni kwa yule mama uniletee." Akatua beseni, akaenda akasema na mama mkwe, akamfungua mtoto, akaniletea, akachukua beseni lake akaenda zake.

Na nyinyi mtazame hilo jambo kwa macho ya askari. Mama asiyejulikana amemtoa mtoto mgongoni kwa mama mwingine, amempa mwanamume aliyebeba poti, na ametoweka. Mtoto naye anapiga mayowe, amenyoosha mikono yote miwili kule alikotolewa, anaita, "Kukhu! Kukhu!" (kukhu ndiyo nyanya kwetu), ananisukuma uso kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

Askari alikuwa mwanamke, mpole, lafudhi yake ya Pwani, bila shaka hakuwa amekaa sana huku kwetu. Akanitoa kwenye foleni.

"Samahani baba. Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Ameshavuka."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Kiko na mama yake."

"Haya, mpigie."

Nikapiga. Ukishavuka pale laini zetu hupotea, na hilo nalo nalijua miaka yote. Nikapiga tena na tena, sauti ya yule dada wa kwenye simu ikaniambia hapatikani. Nikahamisha mtoto bega la kulia, nikahamisha poti mkono wa kushoto. Watu wa bodaboda wakaanza kusogea, na wale wa kubadilisha pesa, maana mtoto alikuwa anasikika mpaka kwa malori.

"Basi niambie mtoto anaitwa nani," akasema askari.

"Kadogo."

"Jina la kwenye cheti, baba."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa pale karibu, amejifunika leso kichwani, ametupa mgongo, anasikia kila kitu. Nikasema, "Nipe kalamu niandike."

"Uandike jina la mtoto wako? Kwani huna ulimi?"

"Mimi nilimwona akipewa huyo mtoto na mama wa ndizi," akasema mmoja wa watu wa boda, na watu wakaguna.

Mwenzake akanitetea. "Lakini boss, mwizi wa mtoto hawezi kubeba poti."

"Hizo ndizo mbinu za siku hizi," akajibu mwingine, na niliona kabisa jinsi watu walivyoanza kunitazama mikononi. Niliogopa, nawaambia ukweli. Mtu anaweza kupigwa mahali kama hapo kabla hajamaliza sentensi.

Askari akamgeukia mama mkwe. "Mama, mtoto alikuwa mgongoni kwako. Unamjua huyu mtu?"

Mama mkwe akajibu akiutazama ukuta. "Namjua. Ni mkwe wangu. Lakini siwezi kumwangalia."

Basi hapo umati ukaelewa wote. Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa. Na mnafikiri waliniokoa? Walisogea tu karibu zaidi, sasa wanataka kuona mkwe atatokaje hapo. Askari akamuuliza mama mkwe jina la mtoto, akajibu kwamba mtoto ana jina lake yeye, akatoa kitambulisho, askari akakisoma kimyakimya, akamrudishia.

"Vizuri," akaniambia. "Mimi sina ubaya, nina kazi. Sema hilo jina, likilingana na hili nililosoma, mnaenda. Usiposema, mtoto atakaa ofisini mpaka mama yake aje."

"Dada, jina la huyo mama mimi siwezi kulitaja."

"Sijakuuliza la mama. Nimekuuliza la mtoto."

Na alikuwa na haki. Nikavuta pumzi, nikajaribu kunong'ona, na wakati huohuo Kadogo akaniuma bega. Aliuma kweli, na mkono wangu ukalegea. Akateleza chini, akapita katikati ya miguu ya watu, na badala ya kwenda kwa nyanya yake akachanganyikiwa na kelele, akakimbilia upande wa barabara, na lori lilikuwa linaingia.

Nikaita Kadogo. Hakusimama. Lile jina tulikuwa tunalitumia kwa kila kitu, kwa kula, kwa kuoga, alikuwa amezoea kulipuuza. Nikaona gurudumu, nikaona kichwa chake hakifiki hata hapo katikati, na heshima yote ikanitoka.

"Nabwire! Nabwire, simama!"

Sauti ilitoka ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi. Mtoto akasimama palepale, akageuka kunitazama kwa mshangao, kwa sababu hilo jina baba hajawahi kumwita. Lori likafunga breki. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshatupa leso na kukimbia kunishinda, akamdaka. Mimi mwendo ulikuwa umeshanikolea, poti ikaniponyoka, nikaikanyaga, nikaenda chini na kushika kitu cha kwanza nilichokipata, nacho kilikuwa mkono wa mama mkwe. Tukakaa mavumbini sote watatu, mbele ya nusu ya Busia, mimi nimemshika mama mkwe mkono na yeye kichwa wazi.

Dereva wa lori akachungulia dirishani. Ni mtu wangu, namshughulikia kila mara kule Malaba. Akasema, "Ajenti? Kumbe na huku unafanya kazi?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilikuwa sijui nitazame wapi. Nilikuwa nangoja huyo mama apige kelele, au alie, au ainuke arudi Bumala na binti yake arudi naye. Akatoa mkono wake taratibu, akamfuta mtoto uso, halafu akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Baba Nabwire," akasema, "umeumia?"

Machozi yalinitoka, na sijui kama yalikuwa ya aibu au ya lile gurudumu. Askari akaokota leso, akaikung'uta, akamfunika mama mkwe mabega. Mimi akanipa poti, imepasuka. "Nendeni," akasema. "Jina limelingana."

Lakini hatukwenda. Mercy aliporudi kututafuta akatukuta pale, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akafunga mdomo kwa kiganja. Baada ya jambo kama hilo huwezi kupanda gari moja na mama mkwe ukaenda kutazama maji, lazima kwanza mambo yatengenezwe nyumbani. Kwa hivyo likizo yetu tuliifanyia Bumala. Nilipeleka leso mpya na mbuzi, wazee wakakaa wakanitaka nieleze ilivyokuwa, nikaeleza, wakaniomba nirudie hapo kwa poti, nikarudia, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mtoto alilala vizuri kila siku, ameshika lile sikio la nyanya yake.

Tangu hapo nimeapa kwamba sitamtoa mtoto mgongoni mwa mtu kwa sababu ya wasiwasi wangu, na Jinja, kama tutaenda, nitavuka mwisho, peke yangu, na mizigo. Kadogo hatumwiti tena. Na mama mkwe, ambaye zamani ujumbe wake ulikuwa unapitia kwa Mercy, siku hizi hunipigia mwenyewe jioni. "Baba Nabwire, mtoto amekula." Nami popote nilipo, hata katikati ya malori, husimama wima ndipo nimjibu.